Gumzo la Mji wa Kale lahitaji mafundi wake

Tarehe 12 Juni 2009, Rais Mwai Kibaki alikuwa Fort Jesus kuupokea mkonga wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata mkonga wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukaja EASSy. Kenya, iliyokuwa ikipata intaneti kupitia setilaiti zilizo juu ya dunia kiasi cha kilomita 36,000, ikaanza kuipata kutoka baharini, na mlango wake ukawa Mombasa.

Wenyeji wa Mji wa Kale hawakuhitaji kuelezwa faida yake. Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu kuna nyumba ambazo ndugu wa tumbo moja wamegawanyika kati ya Mombasa, Muscat, Dubai na London. Mkonga wa kwanza wa simu za maandishi kufika kisiwani, mwaka 1890, ulitoka Unguja, na kwa njia ya Unguja na Aden mji ukaunganishwa na dunia. Mkonga wa 2009 ulileta kitu kingine: mtu yeyote mwenye simu mkononi aliweza kukaa barazani na mtu aliye ng'ambo, wakapiga gumzo kutwa kwa bei anayoimudu.

Leo karibu kila jambo la mji hupita katika gumzo hilo. Harusi hualikwa humo, mwezi ukiandama habari hupita humo, maji yakikatika malalamiko huanzia humo. Mtu akifariki asubuhi akazikwa baada ya Alasiri, jamaa wa Malindi na Lamu hupata habari kwa ujumbe wa kundi, wakapanda gari wakawahi.

Je, programu inayobeba mazungumzo hayo yote inatunzwa na nani? Jibu lilionekana Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Kabla ya saa moja jioni, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza dunia nzima, na hazikurudi hadi baada ya saa sita usiku. Chanzo kilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa ukarabati wa kawaida, ikakata mtandao wa ndani wa kampuni inayozimiliki zote tatu; seva zake za majina nazo zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Kwa saa hizo sita Mji wa Kale haukuwa na fundi wa kumgongea mlango. Haukuwa hata na njia ya pili ya kuitana iliyo mikononi mwa watu wake.

Makala haya yanasema kwamba njia ya pili inawezekana, na kwamba gharama yake kubwa haiko kwenye mashine wala kwenye kuandika programu. Iko kwenye kuitunza programu hiyo miaka na miaka. Mji ukitaka mtandao wake wa gumzo, na ujiandae kulea watunzaji.

Programu hubeba tabia ya ilikozaliwa

Mwezi wa Agosti 1988, Jarkko Oikarinen, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Oulu, kaskazini ya Finland, aliandika programu ya kuwawezesha watu wengi kuzungumza kwa maandishi kwa wakati mmoja. Aliiita IRC. Seva moja iliunganishwa na nyingine, watu wakaingia katika chaneli zilizopewa majina yanayoanza na alama ya reli, na katika miaka michache mtandao ukaenea mabara mengi. Mwaka 1995, Khaled Mardam-Bey, aliyekuwa akiishi London, alitoa mIRC, programu iliyoiwezesha kompyuta yoyote ya Windows kuingia huko. Waliokuwa vijana zama za saiba, walipokuwa wakilipia kwa dakika, wanaikumbuka: dirisha jeupe, majina yamepangwa upande wa kulia, na maneno yakipanda mstari baada ya mstari.

Kanuni za IRC zilichapishwa Mei 1993, na ukizisoma kwa makini unakutana na Finland ndani yake. Kanuni hizo zinasema mabano ya mraba na mabano ya mawimbi yahesabiwe kuwa herufi moja, kubwa na ndogo, kama vile A na a. Kwa Mswahili hilo halina maana yoyote. Kwa Mfini wa zama zile lilikuwa na maana kamili, kwa kuwa kompyuta zao zilitumia nafasi za alama hizo kuandikia irabu za lugha yao zisizokuwemo katika Kiingereza. Kijana wa Oulu aliwaandikia jirani zake, na dunia nzima ikarithi irabu zao.

Jina la mtumiaji nalo liliwekewa kikomo cha herufi tisa. Mwanaisha anaingia barabara, herufi tisa kamili. Mwanakombo ana kumi, Abdulrahman kumi na moja. Hao ilibidi wakatwe. Ujumbe mmoja usizidi baiti 512, mbili kati ya hizo zikiwa za kufunga mstari. Kwa herufi za Kilatini nafasi hiyo inatosha. Lakini Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, na mashairi yake yalihifadhiwa kwa hati za Kiarabu kabla ya kuingia katika vitabu vilivyopigwa chapa. Katika utaratibu wa UTF-8 unaotumika leo, kila herufi ya Kiarabu inachukua baiti mbili, na kila alama ya irabu inachukua mbili nyingine. Silabi moja basi inakula nne. Beti mbili za shairi la mizani kumi na sita, zenye mishororo minne kila ubeti, zina silabi 128, yaani baiti 512 kabla hujaweka nafasi kati ya maneno. Haziingii. Ubeti wa pili utakatwa mkia, na mshairi hatajua mpaka msomaji alalamike.

Hakuna aliyefanya makusudi kumkata mkia mshairi wa Mombasa. Aliyeiandika programu hakuwa anamfahamu, basi. Ndiyo maana mitandao mingi ya gumzo iliona lazima iifungue programu ya asili, ibadilishe kilichowabana watu wake, na kuendelea na toleo lao wenyewe.

Waliorekebisha wenyewe

Mtandao wa Undernet, ulioanza mwishoni mwa 1992, ulisukumwa kufanya hivyo na tatizo moja baya. Seva za IRC zilishikana kama mnyororo. Kiungo kimoja kikikatika, mtandao uligawanyika pande mbili. Kwenye skrini uliona majina ya wenzako yakiondoka kwa mfuatano, kumi, ishirini, kila moja likiwa na sababu ileile: majina ya seva mbili zilizoachana. Upande ambao chaneli ilibaki tupu, mtu mwenye nia mbaya aliingia. Kwa kuwa yuko peke yake, programu ilimpa usimamizi. Seva ziliporudiana, alikuwa na mamlaka sawa na wenye chaneli, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuwafukuza.

Dawa iliyopatikana Undernet ilikuwa fupi. Kila chaneli iandikiwe saa iliyoundwa, na seva zikirudiana, upande wenye saa ya zamani ndio wenye haki. Msimamizi wa upande mpya avuliwe cheo. Wazo hilo linaeleweka kwa sentensi moja, lakini lilihitaji saa za seva zote zioane, mashine za watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali. Saa moja ikipotoka, haki inageuka. Toka siku hiyo, kukagua saa kukawa sehemu ya kazi ya mwenye seva.

DALnet, ulioanzishwa mwaka 1994, ulichukua njia nyingine. Uliandika programu za huduma zilizojulikana kama NickServ na ChanServ: unasajili jina lako kwa nywila, unasajili chaneli yako, na hata ukilala, mwingine hawezi kuvaa jina lako. Wakongwe wengine wa IRC walilipinga wazo hilo, wakiamini jina halina mwenyewe. Watumiaji wa kawaida walilipenda. Lakini usajili maana yake ni hifadhidata, na hifadhidata hutaka nakala za akiba, na nywila hutaka kulindwa. Kila faida iliyoongezwa ilikuja na kazi isiyokwisha.

WhatsApp yenyewe ilianza hivyohivyo. Waanzilishi wake walichukua ejabberd, programu huria ya seva za gumzo iliyoanzishwa na Alexey Shchepin mwaka 2002, wakaibadilisha kidogo kidogo mpaka karibu kila kipande kikawa chao. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014, kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32 tu. Hesabu hiyo inafaa ikumbukwe na kila anayedhani kazi hii ni ya majeshi ya watu. Wachache wanatosha, mradi wanaijua programu yao ndani nje.

Chokaa na saruji

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba asiyejua akiziba ufa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hutuna ndani, na baada ya masika kadhaa plasta hubanduka na kipande cha ukuta. Kiraka kimekuwa kigumu kuliko ukuta, na ugumu huo ndio ulioubomoa. Fundi wa nyumba hizi huuliza kwanza ukuta umejengwa kwa nini, ndipo achanganye udongo wake.

Programu ya zamani inataka fundi wa aina hiyo. Mtu akiletewa mtandao wa gumzo ulioandikwa na wengine, akabandika kipande kipya bila kusoma cha zamani kinafanyaje kazi, kitafanya kazi wiki ya kwanza. Baada ya miezi, seva itaanza kuzima saa za watu wengi, na hakuna atakayejua kwa nini.

Yako pia mambo madogo yanayorudi kwa zamu. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt, kinachotolewa bure, kimezoeleka kuisha kila baada ya siku 90. Asipokuwepo wa kukihuisha, simu za watumiaji zitakataa kuingia. Mfumo wa uendeshaji wa seva hutaka kusasishwa. Diski hujaa kumbukumbu. Nakala ya akiba isiyojaribiwa kurejeshwa haihesabiki kuwa nakala. Hayo hayamletei mtu sifa, na mara nyingi hufanywa usiku, watu wakiwa wamelala na gumzo limepungua.

Uzembe mdogo katika mambo hayo umewahi kuwagharimu wakubwa. Mwezi wa Novemba 2009, mtu asiyejulikana alibadilisha faili la UnrealIRCd, mojawapo ya programu za seva za IRC zilizotumika sana, katika baadhi ya mahali lilipokuwa likipakuliwa. Alichomeka ndani yake mlango wa siri uliomwezesha mgeni kuitawala mashine. Wenye programu waligundua Juni 2010. Kwa zaidi ya miezi sita watu walikuwa wakijisimikia mwizi ndani ya nyumba zao kwa mikono yao, wakidhani wanasasisha. Tangu hapo watunzaji hao hutia saini ya kidijitali kwenye kila toleo, ili anayepakua ahakikishe faili ni lilelile lililotoka mikononi mwao.

Mwaka 2021 likaja funzo la umiliki. Freenode ulikuwa mtandao mkubwa wa gumzo wa watengenezaji wa programu huria, ukiendeshwa na watu wa kujitolea. Ulipozuka mgogoro kuhusu nani mwenye mamlaka juu yake, watumishi hao walijiuzulu kwa wingi na tarehe 19 Mei wakatangaza mtandao mpya, Libera Chat. Jina la zamani lilibaki kwa aliyelidai. Ujuzi ukaondoka na watu, na miradi mingi ikawafuata. Mtandao ulikuwa pale walipokuwa wenye kuujua.

Kenya haianzi sifuri

Wakenya wameshaandika programu za mazungumzo na wameshabeba uzito wake. David Kobia alikuwa akiendesha Mashada, uwanja wa mijadala uliopendwa na Wakenya wa nyumbani na ughaibuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia za mitaani zilihamia humo kwa maneno ya chuki ya kikabila. Januari 2008 Kobia aliufunga uwanja wake mwenyewe. Mwezi huohuo alikuwa miongoni mwa walioijenga Ushahidi, pamoja na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich: programu ya kupokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi, kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti, na kuzionyesha kwenye ramani. Ushahidi ilitoka Kenya ikatumika katika tetemeko la Haiti la 2010 na katika nchi nyingi nyingine.

Watu huisimulia Ushahidi kwa sababu ya jinsi ilivyoandikwa kwa kasi, kwa siku chache. Kwa maoni yangu uamuzi wa kuifunga Mashada ni funzo lilelile kwa upande wa pili. Mwenye kutunza mtandao wa gumzo anatunza pia kinachosemwa humo. Anahitaji zana za kumnyamazisha anayechochea, kanuni zinazojulikana na wote, na watu wenye busara wa kuzisimamia kabla moto haujawaka. Programu isiyoandikiwa zana hizo mapema humwachia mtunzaji chaguo mbili tu, kuacha yote au kuzima yote.

Vijana waliokuwa shule miaka ya 2011 na 2012 wanaikumbuka 2go na vyeo vyake, walivyopanda kutoka Novice kwenda juu kwa kukesha mtandaoni. Iliandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kwa simu ndogo za vitufe ambazo kampuni za Ulaya na Marekani hazikuzijali. Bara hili basi limewahi kuandika programu za gumzo zilizokidhi simu zake na mifuko ya watu wake.

Pa kuanzia

Hapa kisiwani vifaa vipo. Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa kilichoanzishwa mwaka 2016, kiko barabara ya Sir Mbarak Hinawy, si mbali na Fort Jesus. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. KIXP, kituo cha Nairobi kinachozikutanisha kampuni za intaneti ili mawasiliano ya ndani yasizungukie ng'ambo, kina tawi Mombasa. Ejabberd na Prosody ni programu huria za seva za gumzo, mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma, na seva ndogo ya kuziendeshea hukodiwa kwa dola chache kwa mwezi.

Seva ikiwa hapahapa ina faida ambayo mji uliwahi kuonyeshwa. Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkonga wa TEAMS. Intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku nyingi. Gumzo kati ya Kibokoni na Likoni halina haja ya kuvuka bahari. Seva ikiwa Mombasa na kampuni za simu zikikutana Mombasa, ujumbe utafika hata mkonga ukikatika.

Iko pia sababu ya kisiasa, na tuitaje wazi. Uganda mwaka 2018 iliwatoza watu shilingi 200 za Uganda kwa siku ili waruhusiwe kutumia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Kenya nayo, mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izuiwe wakati wa mitihani ya kitaifa kwa hoja ya kukomesha wizi wa mitihani. Mji uliobana mazungumzo yake yote katika programu mbili au tatu huweza kufungwa mdomo kwa barua moja.

Anayeanzisha mtandao kama huo ana wajibu kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfanya mwenye kuhifadhi majina na namba za watu kuwa mwenye dhamana juu yake. Asikusanye asichokihitaji, aseme anakitunzaje, na akifute anapoombwa kihalali. Mtandao mdogo wa mtaa unaweza kutimiza hayo kwa urahisi kuliko kampuni kubwa, kwa kuwa haujengwi juu ya biashara ya kuuza matangazo.

Ushauri wangu kwa vijana ni waanze na watu wachache na haja moja ya kweli, labda matangazo ya msiba ya mtaa mmoja. Funguo za seva ziwe kwa watu watatu, wala zisiwe kwa fundi mmoja hodari, kwa sababu fundi hodari atapata kazi Doha siku moja na ataondoka. Kila badiliko liandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachosomeka: limefanywa na nani, lini, kwa nini. Nakala za akiba zirejeshwe kwa majaribio kila mwezi. Maneno ya programu yawe ya mji wenyewe, na anayetaka kuandika kwa herufi za Kiarabu apewe nafasi ya beti zake zote.

Kwa vituo vya mafunzo na wafadhili nina ombi kubwa zaidi. Mashindano ya wikendi ya kuunda programu yana raha yake, lakini zawadi hutolewa Jumapili jioni, na programu nyingi huachwa papo hapo. Tengeni fedha za mwaka wa pili na wa tatu. Mlipeni kijana anayesoma kumbukumbu za seva kila asubuhi kama mnavyomlipa aliyeiandika. Na anayemaliza mafunzo aulizwe, zaidi ya alichokiunda, ni programu gani ya mwenzake ameitunza mwaka mzima, matundu gani ameyaziba, na amemfundisha nani aipokee. Siku maswali hayo yatakapoanza kuamua nani anaajiriwa hapa Mombasa, vijana watajifunza majibu yake, na mji utakuwa na mafundi wake.